Mwizi wa Povu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe! Na mwizi namjua.

Nieleze taratibu, maana hasira inanipinda mwandiko. Mimi ndiye bingwa wa kuosha magari mtaa huu. Sijisifu, natoa taarifa. Naoshea uani kwa shangazi, nyuma ya saluni yake. Bomba ni lake, mpira wa maji ni wangu, pipa ni langu, akili ni yangu. Ndani ya pipa mna Dawa: sabuni, mafuta ya taa kidogo, na kitu cha kung'arishia rimu ambacho kopo lake lina picha ya fuvu. Mimi na shule tuliachana darasa la saba, lakini picha nasoma. Fuvu maana yake kina nguvu.

Leo nimevumbua jambo. Badala ya kushikilia mpira juu ya pipa kama mlinzi wa benki, nimeufunga jiwe nikauzamisha mpaka chini kabisa, bomba wazi. Povu likapanda kama maziwa jikoni! Wahandisi wenye vyeti hawajawahi kuwaza hili. Nikatoka barabarani kumbembeleza dereva mmoja mwenye gari chafu. Huku nyuma maji yakakatika, kama kawaida yao watu wa idara ya maji. Kurudi, pipa nusu. Halijavuja. Halijapinduka. Nusu!

Ng'ambo ya barabara Mswaki ananitazama anacheka. Mswaki ni muosha magari mwenzangu, kwa jina tu. Anaosha kwa ndoo, na rimu anazisugua kwa mswaki wa meno, pole pole, kama anamwandaa mtoto kwenda shule. Hana bomba. Hana mpira. Sasa ana Dawa yangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Shangazi mchangamfu kupita kiasi. Anasema jana jioni nywele za wateja zilitoa povu kabla hajamimina shampuu. Anaisifu chupa mpya. Akasema afadhali kuna kitu kimoja nyumba hii kinafanya kazi, akaniangalia. Nimeyameza.

Akanikumbusha na mkataba wetu. Siku mteja wake mmoja akilalamika kwa sababu yangu, nafunga virago narudi kwa baba kwenye tanuri la matofali. Baba ananingoja kwa hamu. Tanuri pia.

Sina muda wa vitisho, nina vita. Nimelifunika pipa kwa bati, nimetoboa tundu la mpira tu, nimepiga kufuli. Mpira chini, jiwe, bomba wazi. Nikakaa mlangoni na rungu. Maji yakakatika. Mtaani hakupita mtu. Nikafungua kufuli: pipa tupu! Tupu kabisa! Kufuli zima, bati zima!

Nimevuka barabara na rungu langu. Nikamwambia Mswaki anirudishie povu langu. Akanijibu mbele ya watu, huku anasugua rimu wala hainui kichwa: "Kaka, mimi nikuibie sabuni? Ile yako inabandua rangi ya magari. Nikiimwaga hapa mtaro utanishtaki."

Watu wakacheka. Hata yule dereva mchafu akacheka, kisha akampa Mswaki gari.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bibi anaumwa tumbo. Bibi ni mama yake shangazi, chumba chake kipo nyuma ya saluni, na ndiye mtu pekee humu anayenijua thamani. Ananiita mume wangu. Jana amekunywa chai, akasema ina ladha ya kufua. Tangu hapo ni chooni na kitandani, kitandani na chooni. Nilipomshika mkono akaniambia, kwa sauti ndogo, nisioe mke mwingine kabla hajapona. Nimetoka nje nimepiga ukuta teke. Kidole kimevimba.

Si yeye peke yake. Fundi cherehani wa jirani naye yuko chali. Mama muuza mkaa anasema maji ya bomba yanateleza mdomoni. Mtaa mzima umekusanyika mbele ya saluni, mimi nikapanda juu ya kreti nikawahutubia. Niliwapasha idara ya maji! Nikasema wanatulisha sumu, wanakaa ofisini na feni, wanatia uchafu kwenye bomba halafu wanatuma bili. Nikasema aliyetia uchafu huo, yeyote awaye, atolewe hadharani asimame mbele ya bibi yangu aombe radhi. Nikapigiwa makofi. Mswaki naye alipiga, mnafiki.

Shangazi amepiga simu idara. Wamesema watamtuma afisa Jumatatu. Jumatatu! Mpaka hapo bibi yangu atakuwa amebaki miwani tu.

Kisha nikarudi kwenye pipa. Tupu tena. Yaani mtaa unaugua na yeye anaiba! Hana haya hata kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimepata mtego. Nisome mwenyewe baadaye nijivunie.

Rangi ya kutilia nguo, zambarau iliyokolea, ile isiyotoka hata ukiisugua kwa mchanga. Nimemimina pakiti zote ndani ya Dawa. Atakayegusa povu langu, mikono zambarau. Atakayelificha, ndoo zambarau. Kesho nitamshika Mswaki mkono, niuinue juu mbele ya mtaa mzima, na nitakuwa kimya tu. Rangi itasema.

Shangazi kauliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia haki, shangazi. Haki inanichekesha.

Bibi ameanza kula. Wanamchemshia maji ya chupa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimeamka, nimeweka mpira chini ya pipa, bomba wazi, nikasimama getini kungoja mikono ya Mswaki. Leo saluni ilijaa. Na nani yuko kwenye kiti cha kuoshea? Mwalimu mkuu. Yule yule aliyeniambia darasa la saba kwamba kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu. Ana mvi nyeupe safi, hajawahi kuzipaka kitu, anazipenda kuliko wanafunzi. Maji yakakatika kidogo. Shangazi akafungua koki, akasema yapo yaliyobaki kwenye bomba, yatatosha kusuuza.

Nilisikia ukelele mpaka getini.

Zambarau. Kichwa kizima! Mvi zote, masikio, na shingo mpaka kwenye kola. Amekaa pale kama bilinganya yenye hasira. Shangazi mikono zambarau. Taulo zambarau. Huko nje mama muuza mkaa anapiga kelele na sufuria ya zambarau, fundi cherehani ametoka na ndevu za zambarau na mswaki mdomoni. Mtaa mzima zambarau!

Mtu mmoja tu safi. Kasimama ng'ambo na ndoo yake ya maji ya mvua, mikono myeupe kama ya daktari. Mswaki! Akatazama watu, akatazama pipa langu lilivyochafuka ukingoni, akasema taratibu, "Kaka, kumbe mwizi wako ana familia kubwa."

Kila mtu akageuka kunitazama. Nikafungua mdomo kujitetea. Kosa. Maji yalipokatika nilikuwa nimekimbia ndani mara moja kupiga mswaki kwa yaliyobaki bombani. Ulimi, zambarau.

Mwalimu mkuu akauliza kama mimi ndiye yule. Shangazi akasema ndiye. Mwalimu mkuu akasema alijua.

Shangazi hakunipiga. Hakunitukana. Amekaa kwenye kiti cha wateja, akatazama mikono yake, akasema amejenga saluni ile kichwa kimoja kimoja. Basi. Kisha akanionyesha begi langu lilipo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Afisa wa maji amefika. Mama mwenye buti kubwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Nilimsubiri nimpe vidonge vyake kuhusu huduma mbovu. Hakunipa nafasi. Aliona mpira ndani ya pipa akaketi juu ya ndoo yangu kama amepewa habari ya msiba.

Akaomba chai. Shangazi akamletea, na mrija wa soda, sijui kwa nini. Kumbe afisa ndiye aliyeuomba. Akautumbukiza mrija chaini, akavuta, akaniuliza kimepanda nini. Nikamwambia chai. Akasema, "Basi mpira wako ndio mrija, na mtaa mzima ndio mdomo. Maji yakikatika, huko bondeni watu wakifungua koki, bomba linavuta. Linavuta chochote litakachokuta. Limekuta pipa lako."

Akaniuliza mna nini ndani. Nikataja sabuni. Akanitazama tu. Nikataja mafuta ya taa. Akaendelea kunitazama. Nikaenda kumletea kopo. Alipoona fuvu aliniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia. Hapo akasimama, na maneno aliyonipa siyaandiki, bibi hupenda kusomewa shajara yangu. La mwisho lilikuwa kwamba nina bahati bibi yangu ana tumbo la chuma, na kwamba angekuwa mtoto mchanga tungekuwa tunaongea makaburini.

Niandike kweli: nilitetemeka kidogo. Kwa sababu ya njaa.

Kisha amefunga kidude cha shaba kwenye bomba la uani, kina mshale. Maji yanapita kwenda, hayarudi. Amri yake: kidude kisiguswe, na mpira uning'inizwe juu ya pipa, shibiri nzima hewani, usiguse maji kabisa. Nikarudia amri neno kwa neno. Shangazi akanirudishia begi ndani kwa sharti hilo, na kwa sababu Bibi alisema kama mume wake anafukuzwa basi naye anafunga virago. Mswaki alikuwa getini anasikiliza yote. Afisa akampongeza kwa kutumia ndoo. Akampongeza!

Na chai yangu ya asubuhi ndiyo aliyoivuta. Yote.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimetafakari kwa kina siku hizi na nimekasirika upya.

Kwanza, kile kidude kinayabana maji pumzi. Mpira unatoa maji kama mzee anayekojoa. Pili, ukining'iniza mpira juu, povu linakufa. Tatu, habari ya mrija haijaniingia. Bomba halina mdomo. Bomba lina koki. Afisa yule na Mswaki walisalimiana kama watu wanaojuana, na mimi si mjinga.

Lakini amri ni amri, na mimi ni mtu wa sheria. Kidude sijakigusa. Afisa alisema bomba la uani. Hakutaja bomba lililo nyuma ya dirisha la Bibi. Nimehamishia mpira huko. Halina kidude, maji yanatoka kwa kishindo! Pipa jipya, kubwa zaidi. Mpira chini kabisa, na safari hii nimeufunga mawe mawili, auvute nimwone. Dawa nimeiboresha. Fuvu nimepunguza, nimetia kijiko kidogo tu, kwa heshima ya Bibi.

Povu limepanda mpaka kifuani kwangu. Uzuri ulioje! Nikaketi kivulini kuandika haya.

Maji yamekatika sasa hivi.

Nimechungulia pipa. Linashuka! Linashuka naliona kwa macho yangu, na hapana mtu! Ameipata wapi akili hii, yule mshenzi, ananiibia akiwa ng'ambo ya barabara, ndoo mkononi, anajifanya anasugua rimu!

Bibi anaita dirishani. Anauliza, "Mume wangu, mbona birika langu linatoa povu?"

Birika lote limepita dirishani. Limenikosa kichwa kidogo tu. Anamwita shangazi sasa, kwa jina lake kamili, na sauti imepona kabisa. Nimemwambia asijali, namjua aliyefanya hivi.

Nakwenda kununua rangi. Safari hii kijani.