Leza ya Nyongeza

Virgil Pruitt alimwona mjane kabla mjane hajaiona meza yake. Gauni jeusi, mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba bastola iliyoviringishwa kwenye taulo la jikoni. Katika gulio la bunduki la Abilene kila mtu ananusa mafuta ya bastola. Virgil alinusa hata misiba.

"Dub," akamnong'oneza binamu yake wa meza ya pili, "anza kunitukana."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Virgil aliuza leza za kufunga kwenye bastola, Dub vilengeo vya kioo chenye nukta nyekundu, na mali yote ilitoka katika katoni moja ya vitu vya kuchezea watoto. Waligombana kutwa, mteja akiingilia kuamua, anatoka amenunua.

"Mama," Virgil akapaza sauti, "mwizi yuko jikoni, nawe unatafuta nukta kwenye kioo cha huyu kama bibi anayetafuta miwani! Leza unabonyeza tu, nukta inamkaa kifuani. Mwenyewe anajiona kwisha!"

"Na wewe anakuona ulipo, bwege wee!" Dub akadakia. "Juani leza haionekani. Nukta ya kioo unaiona peke yako, macho yote mawili wazi!"

Ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye bidhaa tu: ukifyatua risasi moja tu, kilengeo kinahama, kinalenga mawinguni. Lakini nani angejua? Polisi wa mlangoni alifunga kila bastola kwa kamba ya plastiki, na humo ukumbini hakuna iliyofunguliwa wala kufyatuliwa. Virgil aliiombea baraka kamba ile kila Jumamosi, kabla hajaugusa mkate wake wa nyama.

Mjane akafunua taulo. "Ya marehemu Hoyt wangu. Babu yake alirudi nayo vitani. Nataka niwe natembea nayo, ila macho haya, mwanangu! Niifungie nini?"

Virgil akainamia taulo. Colt ya kale, rangi yake ya kiwandani, haijaguswa! Wakusanyaji wa silaha za kale wangeng'oana meno.

"Pole, mama," akasema kwa sauti ya makaburini. "Hii haishiki kilengeo. Ukiitoboa, marehemu hatalala. Tubadilishane, nikupe mpya."

"Yenye leza au nukta?"

"Utakayo!"

"Wewe mwenyewe unavaa ipi?"

Dub akakohoa. Kiunoni mwa Virgil ilikaa bastola yenye nukta nyekundu ya kweli, kitu pekee cha halali alichokuwa nacho duniani. Alikula maharage matupu mwaka mzima ili aipate.

"Nukta," akakiri.

"Mpishi hujulikana kwa chungu anachojipakulia mwenyewe. Nipe hiyo."

"Mama, hii ni yangu!"

"Haya." Mjane akaanza kuviringisha taulo. "Yule bwana wa kofia nyeupe kaniita mara mbili."

Kweli, bwana wa kofia nyeupe alikuwa akinyoosha shingo. Virgil akafungua ala, akaichomoa bastola yake.

"Na kaleza kamoja juu yake," mjane akaongeza, "ka kuchezea paka wangu."

"Chukua, mama, chukua!"

Nje, kando ya gari lao, Virgil akaikata kamba ya ile Colt kwa kisu. Akachungulia mtutu: tundu liliingia urefu wa ukucha, likakoma. Akakwangua. Rangi ya kiwandani ikabanduka, ikinukia rangi ya kucha. Ilikuwa bastola ya kuigizia jukwaani. Polisi mlangoni alitazama tu kama ina risasi. Haikuwa nayo, wala isingeweza kuwa nayo.

"Itafaa kuegeshea mlango," Dub akasema.

Gari la mizigo likawapita polepole. Usukani ulishikwa na bwana wa kofia nyeupe.

"Taratibu, Hoyt," mjane akamwambia kutoka kiti cha pembeni, "nisikose."

Akatoa dirishani mkono ulioshika kale kaleza. Nukta nyekundu ikatua kwenye kiatu cha Virgil kivulini, ikapanda gotini, ikapanda pajani, ikatulia katikati ya ala tupu ya bastola.

Tangu aanze biashara, hiyo ndiyo leza yake ya kwanza kulenga sawasawa.