Malalamiko Kuhusu Wanafunzi Wanaosikiliza Hesabu

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa unyenyekevu nakuripotia utovu wa nidhamu uliozuka darasa la sita: wanafunzi wanasikiliza somo langu.

Muhula uliopita tulikuwa salama. Mtoto alificha kitabu cha hadithi chini ya dawati, nikamnyang'anya kwa mujibu wa kanuni. Nilikifungua ili tu nipime uzito wa kosa. Kumbe ni watoto watatu na punda mzee anayesema, katika nchi iliyo nyuma ya kisima! Nina miaka hamsini na minne, lakini wiki ileile nilinyang'anya cha pili, na cha tatu nikakivizia dirishani. Hicho kinaishia punda amebaki peke yake darajani, anachechemea, mbwa mwitu wanakuja. Basi, kwisha! Mwandishi gani huyu asiye na huruma?

Malalamiko yangu:

1. Cha nne hakiletwi darasani. Nimepekua mikoba mara tatu, nikaambulia madaftari ya hesabu, tena kazi yote imefanywa.

2. Nimefundisha kwa kuchosha makusudi. Nilieleza mzingo wa duara dakika themanini nikiwa nimewapa mgongo, ili mwenye kitabu ajisomee kwa nafasi. Wakauliza maswali!

3. Nikimwuliza kiranja kama punda alivuka, anatazama viatu vyake. Na watoto hawa nimewalea tangu darasa la nne! Nilitaka kuwaambia asante ya punda ni mateke, nikajizuia, maana punda hajanikosea.

Kwa hiyo naomba utoe waraka: kila mwanafunzi aje na kitabu cha nne, akisome kwa siri katika kipindi changu, nami nimkamate. Atakayekaidi aitiwe mzazi.

Nisalimie shemeji na watoto, walimu wote ofisini, na mlinzi wa getini.

Mtiifu wako,
Mwalimu wa Hesabu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, kiranja amekuja. Kumbe cha nne wanacho, wote wamekisoma, na walikubaliana kisinifikie kamwe, kwa sababu nilipomaliza cha tatu niliingia darasani macho mekundu nikasingizia chaki. Wanasikiliza hesabu ili nisipate sababu ya kupekua. Amenisihi, binti wa watu, niishie hapohapo nilipofika. Waraka usitoke. Ila kesho kipindi cha kwanza naomba mwalimu mwingine anishikie, maana punda yule nilimpenda sana.