Siku Nilipogaragazwa na Mkebe wa Kaimati

Leo nimeshindwa na mkebe. Ndiyo, mkebe. Wa plastiki. Nawaambia mapema ninyi wenzangu wa godauni kabla hamjasikia kwa watu, maana Kisauni hakuna siri, na kesho mtakuwa mnasimuliana huko Changamwe kwamba Kazungu amepigwa mweleka na kaimati. Afadhali mnisikie mwenyewe.

Kwa walioingia kundini juzi: mimi nilikuwa kuli miaka tisa. Gunia la sukari la kilo hamsini nilikuwa nalipandisha lorini huku natafuna muhogo. (Mashahidi mmo humu humu. Msijifanye mmesahau.) Mwaka jana nikaacha magunia, nikaingia darasani kusomea kazi ya msaidizi wa mtaalamu wa usemi, yaani wale wanaowasaidia watoto waliochelewa kuongea na wazee waliopooza wakapoteza maneno. Mlinicheka sana. "Kazungu aenda kufunzwa kusema ba-ba-ba!" Mwanangu Neema alitimiza miaka minne bila neno, akasaidiwa na watu wa kazi hii, na sasa kwangu Mtopanga tunambembeleza anyamaze tule. Siwezi kuionea haya kazi iliyonifanyia wema huo.

Basi leo ilikuwa mtihani wa vitendo. Msimamizi wangu, Bi. Zuhura, ambaye ndiye mtaalamu pale kituoni, anakaa pembeni na daftari lake. Mimi naongoza mazoezi na mtoto, peke yangu, mwanzo mpaka mwisho. Akiridhika, anatia sahihi. Asiporidhika, narudia miezi mitatu. Na nilikuwa nimesharudia mara moja!

Kosa langu la kwanza lilikuwa huruma. Mtoto akinyoosha kidole tu, mimi nishampa anachotaka. Bi. Zuhura alinikalisha chini akaniambia, "Kazungu, mtoto akipata kila kitu kwa kidole, ulimi autumie wa nini?" Nikarudia miezi mitatu.

Mtoto wa leo anaitwa Tima. Ana miaka minne na nusu. Anasikia, anaelewa kila unachomwambia, na anakutazama kama hakimu anayesubiri uongo wako uishe. Ila neno hana, hata moja. Analelewa na bibi yake, Bi. Mwanakombo, na kila tunapoonana bibi huniambia hilo hilo: "Mwanangu, mimi sitaki mengi. Na aniite tu, kabla sijafa." Miezi yote hii Tima humwita kwa kumvuta leso aliyojitanda.

Mbinu yenyewe ni hivi. Unachukua kitu anachokipenda mtoto, unakitia kwenye mkebe unaoonyesha ndani, unaufunga kwa nguvu kiasi cha kwamba hawezi kuufungua mwenyewe. Anakiona, hakipati, anakuhitaji wewe. Wewe unajifanya huelewi, unangoja. Kimya kina mshindo mkuu. Lakini neno likitoka, hata nusu yake, unafungua hapo hapo. Sheria ya Bi. Zuhura: "Neno likitoka, lilipwe." Kwa nini? Kwa sababu mtoto akithubutu kusema mara yake ya kwanza na asipate kitu, anaweza kuamua kwamba maneno hayana faida, akarudi kimya miezi mingine. Sheria hiyo naijua hata nikiwa usingizini.

Tima anapenda kaimati. Alfajiri mke wangu Dama akazikaanga, akazigaragaza kwenye shira ya sukari, mimi nikazitia mkebeni zikiwa bado moto, shira inachuruzika mpaka kwenye mdomo wa mkebe. Nikafunga. Nikakaza. Nikakaza tena kwa usalama. Halafu nikaona Dama ananitazama, nikakaza mara ya tatu mpaka mishipa ya mkono ikasimama. (Mwanamume akitazamwa na mkewe hana akili. Najisema mwenyewe.)

"Na huo ataufungua nani?" Dama akauliza.

"Mke wangu," nikamwambia, "mkono huu umeshusha mizigo ya meli."

Akaguna tu, akaendelea na sufuria zake.

Saa nne tukaanza. Chumba chetu cha mazoezi kina viti vya watoto peke yake, na mtaalamu lazima akae usawa wa macho ya mtoto. Nikakaa kwenye kikiti cha rangi ya manjano, magoti yakanifika masikioni. Bi. Zuhura akaenda pembeni na daftari. Bi. Mwanakombo akakaa karibu na mlango na kapu lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Mungu akufanyie wepesi."

Nikauweka mkebe mezani. Tima akaziona kaimati. Akanyoosha kidole.

Nikatazama dari.

Akaupiga mkebe kofi. Nikatazama dirisha. Akanishika kidole changu, akakipandisha, akakiweka juu ya kifuniko kwa adabu kabisa, kana kwamba mimi ndiye mwenye matatizo. Moyo uliniuma, jamani. Nikamtazama kwa uso wa mjinga. (Uso huo sikujifunza chuoni. Nilizaliwa nao.)

Bi. Mwanakombo hakuweza kuvumilia. "Mpe, mwanangu. Yuwazitaka! Huoni mato yamemtoka?"

"Samahani bibi. Leo tunamngojea yeye."

"Haya. Nimenyamaa."

Hakunyamaza. Alianza kuomba dua kwa sauti.

Tima akautazama mkebe. Akanitazama mimi. Akautazama mdomo wangu. Midomo yake ikafunguka kidogo, ikafumba, ikafunguka tena. Mimi nimebana pumzi, nahesabu moyoni, sita, saba, nane. Kitu ndani yangu kinanipigia kelele, mpe mtoto wa watu! Nikakalia mikono yangu. Tisa.

"Ngua."

Wallahi nilisikia. Mimi ni Mkristo lakini hapa naapa hivyo hivyo. Si kelele, si kikohozi. Mkia wa "fungua", safi kabisa, kutoka kinywa cha mtoto ambaye hajawahi kusema. Kalamu ya Bi. Zuhura ikasimama. Bi. Mwanakombo akashika kifua, "Allahu akbar." Na mimi? Nilijaa fahari mpaka kooni. Siku niliyopandisha magunia mengi kuliko wote godauni sikujisikia hivi, wala robo yake.

"Fungua!" nikasema kwa furaha, kama tulivyofundishwa. "Nafungua!"

Nikashika kifuniko. Nikazungusha.

Hakikuenda.

Nikacheka kidogo, cheko la mtu mwenye uhakika. Nikashika vizuri. Nikazungusha. Hakikuenda! Nikafuta mkono kwenye suruali, nikavuta pumzi ya godauni, nikazungusha mpaka nikaona nyota mchana. Kifuniko kimetulia, hakina habari na mimi.

"Ngua," akasema Tima mara ya pili. Safari hii na mkono ameukinga.

"Nafungua, mama, nafungua."

"Kazungu," Bi. Zuhura akaniita kwa upole unaotisha. "Neno limetoka."

"Najua, Bi. Zuhura."

"Lilipwe."

"Linalipwa!"

Nikaugonga mkebe sakafuni. Nikaubana kati ya magoti. Nikaupeleka chini ya kwapa. Nikaung'ata! Mtu mzima, koti jeupe, jina langu limeandikwa kifuani, natafuna kifuniko mbele ya mtahini. Jasho linanidondoka mpaka juu ya meza. Na katika fadhaa hiyo yote sikuwa nawaza sahihi tena, mtaniamini msiniamini. Nilikuwa nauona uso wa Tima. Mwanga machoni mwake ulikuwa unaanza kupungua. Nikajua nikishindwa hapa, hili neno litarudi lilikotoka, na aliyelirudisha ni mimi na misuli yangu ya kijinga.

"NGUA!" Mara ya tatu. Hasira sasa, na mguu amepiga chini.

Nikakusanya nguvu za miaka tisa. Nikauweka mkebe tumboni, nikainama, nikapindisha mwili mzima. Kitu kikalia kraaa!

Nikafurahi. Nikadhani ni kifuniko.

Kilikuwa kikiti. Miguu yake ya nyuma ilipanuka, nami nikaenda chali, taratibu kabisa, nikipata nafasi ya kumtazama kila mmoja njiani. Puu! Koti likapasuka mgongoni kutoka kola hadi kiunoni. Miguu juu, mkebe nimeuinua hewani kama mtu anayeokoa mtoto kwenye mafuriko. Na bado umefungwa.

Bi. Zuhura ameficha uso nyuma ya daftari, daftari linatetemeka.

Tima akaja, akasimama juu yangu. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile hata na mnyapara wa godauni siku nilipoangusha mayai. Akautoa mkebe mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja, akanipa mgongo, akatembea hadi mlangoni. Akamwekea bibi yake mkebe mapajani.

"Bibi," akasema. "Ngua."

Jamani.

Mimi nilikuwa bado chini, siwezi kuinuka, lakini nilimwona yule bibi. Miaka minne na nusu amengoja. Hakupiga kigelegele, hakusema "rudia nisikie". Aliitika tu, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa.

"Abee," akasema, na machozi yanamshuka. "Abee, mamangu. Bibi yupo."

Kisha akaugeuza mkebe, akautazama ukingoni kidogo tu. "Kazungu, mwanangu, hii ni shira. Imeganda hapa kwenye kifuniko. Hata ungeleta tingatinga." Akatoa chupa ya chai kwenye kapu, akalowesha ncha ya leso kwa chai ya moto, akaizungushia kifuniko, akasubiri kidogo. Halafu akazungusha. Kwa vidole viwili! Mkono mwingine alikuwa anajifuta machozi.

Tima akachukua kaimati moja, akala. Akampa bibi yake moja. Akampelekea Bi. Zuhura moja. (Bi. Zuhura alisema hali akiwa kazini. Aliila.) Nami pale chini nikanyoosha mkono, nikasema kwa sauti tamu, "Na mimi?"

Tima akaufunga mkebe.

Walipotoka kidogo kwenda kunawa shira mikononi, Bi. Zuhura akanisaidia kuinuka. Kikiti kiliinuka nami, tukakitoa pamoja. Nikasimama mbele yake na koti langu la vipande viwili, nikasema, "Nimefeli, Bi. Zuhura. Neno sikulilipa."

"Kufungua umefeli," akasema. "Lakini sikuja kupima kufungua. Umengoja, Kazungu. Nilikuona umekalia mikono. Ungempa mwanzo, asingesema kabisa. Na neno lake amelipeleka kwa mtu mwingine, tena akamwita. Unajua watu hungoja hilo muda gani?"

Nilikuwa najua. Nina mtoto aliyepita hapo hapo.

Akatia sahihi. Naiona hapa mbele yangu ninavyowaandikia, na chini yake ameongeza kwa mkono wake: "Mwanafunzi ahakikishe chombo kinafunguka kabla ya kuja nacho." Halafu akanionya kwa mdomo nisije nikajaribu hivyo makusudi siku nyingine, kwa sababu leo nimeokolewa na Mungu na chai ya watu.

Nikawasindikiza. Njia nzima Tima hana breki. Mlango wa chumba, "Bibi, ngua." Kapu, "Bibi, ngua." Mwavuli, na jua lote hili, "Bibi, ngua," na bibi anaufungua, anafunga, anafungua tena, "Abee, abee," hachoki.

Kufika getini nikaona hapa ndipo pa kujikomboa. Lile geti lina komeo jepesi, hata upepo hulifungua. Nikatangulia mbio, nikasimama kando yake, mkono kwenye komeo, nikapiga goti nikawa usawa wa macho yake kama inavyotakiwa. Nikatabasamu. Nikangoja neno langu.

Tima akalitazama geti. Akanitazama mimi, kutoka kichwani mpaka kwenye koti lililopasuka. Akafikiri. Kisha akanipita, akaenda hadi kwa askari mzee aliyekaa kwenye benchi na redio yake, mtu asiyemjua hata kwa jina, akamgonga goti.

"Ngua."

Askari akasimama, akaja, akanisogeza pembeni, akafungua.

Haya, chekeni. Mtoto huyu asubuhi hakuwa na neno hata moja. Mchana ana la kunidharau nalo, na mimi ndiye niliyemfundisha.