Mama Honorine Atangaza Nogo

Tegeni masikio, enyi wana wa Ituri, nanyi mlio mbali sogeeni, nisimulie jinsi Honorine wa Fataki, mshika mwiko, mtuliza njaa, alivyowarudisha nyuma askari wenye silaha kwa neno moja tu, katika mwaka ule wa vita wa elfu mbili na tatu, kambini mwa wakimbizi hapo Bunia.

Siku zile askari wa kigeni wenye kofia za bluu walikuwa na neno lao la Kiingereza kwa kila njia isiyopitika. Ukiuliza ya Bogoro, nogo. Ukiuliza ya Fataki, yaliko mashamba ya Honorine, nogo. Neno hilo lilimchoma, naye akaliweka moyoni kama mkuki.

Basi Honorine akapata maharagi, ya kwanza tangu akimbie kwao, akayateleka mbele ya hema, kando kabisa ya kijia walimopita watu wote. Jana yake mtu mwenye haraka alikuwa ameupindua uji hapohapo, na watoto wakalala njaa. Safari hii Honorine aliilaza fimbo kukata kijia, akasimama nyuma yake, mwiko mkononi.

Ndipo ikaja doria ya wale wenye kofia za bluu, komanda mbele, askari nyuma yake, buti zikiitetemesha ardhi hata chungu kikayumba juu ya mafiga.

“Musimame!” akanguruma Honorine. “Hapa iko nogo!”

Delphin, mkalimani wa doria, akashika kichwa. “Mama, huyu ni komanda! Ni yeye anafungaka mabarabara!”

“Na miye niko komanda wa hii nyungu. Yeye alinifungia njia ya kwetu, nikatii. Leo atii yangu. Umuambie: batoto hawayakula, njia haifunguke!”

Delphin akatafsiri kwa sauti ya mtu aombaye radhi. Komanda akakitazama chungu, akawatazama watoto waliokizunguka na sahani tupu. Kisha jemadari yule akapiga saluti, akageukia matopeni nyuma ya vyoo, na jeshi lake lote likamfuata, bunduki juu, buti zikizama hadi vifundoni.

Kambi ikalipuka kwa vigelegele. Maharagi yakaiva, yakapakuliwa, sahani zikalambwa. Hapo Honorine akaiondoa fimbo, akampigia kelele Delphin aliyekuwa bado akijikwangua tope: “Umuambie komanda yako, sasa anaweza kupita!”

Na ikumbukwe, kizazi hata kizazi, ya kwamba katika vita ile, ambamo wenye mizinga walishindwa kuilinda njia hata moja, mama mmoja aliilinda yake kwa mwiko, na watoto wakala wakashiba.