Sahani Iliyomkataa Shemeji

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Heri mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa mtaa mzima wa Kihesa.

Wamekuja kutoka Mafinga kumposa dada yangu Upendo. Wazee watatu, makoti mazito, vumbi la mbao bado kwenye kofia. Mtaani kwetu mwenye gramafoni ya betri ni mimi, nikasema lazima wapokewe kwa muziki. (Hakuna aliyeniomba.)

Sahani ya kwaya niliyoitaka nikaikuta jikoni, Mama kafunikia sufuria ya maharage. Mvuke umeipinda, mikwaruzo imejaa.

"Mama, hii ni sahani ya muziki."

"Sahani ni sahani," akasema.

Nikaifuta, nikaiweka. Sindano ikawa inaruka. Nikauongezea uzito mkono wa sindano, nikaufungia nati ya baiskeli kwa uzi. Ikatulia. Nikajaribu mwanzo, ikaimba vizuri, nikajiona fundi. (Mwanzo tu. Huko mbele sikufika.)

Wageni wakaketi. Salamu za kamwene, kamwene, chai ikanywewa, kwaya inaimba polepole. Mshenga wao akakohoa.

"Tumekuja kuomba mke hapa. Sijui mnatutaka?"

Baba akanionyesha kwa macho nizime, apate kujibu. Kabla sijafika, kwaya ikaingia kwenye "Hatutaki huzuni". Sindano, na uzito wa ile nati, ikazama kwenye mkwaruzo.

"Hatutaki," ikasema sahani. "Hatutaki. Hatutaki. Hatutaki."

Mshenga akaweka kikombe chini.

Kwa haraka nikageuza kitufe cha mwendo badala ya cha kuzimia. Kwaya ikakataa mbiombio, kwa sauti ya vifaranga. Nikakirudisha, kikapitiliza. Sasa ikakataa taratibu, kwa sauti nzito ya mzee aliyelifikiria sana jambo: "Haaa-tuuu-taaa-kiii."

Wazee wakainuka. Upendo akachomoka chumbani analia. "Mimi nataka!" (Binti anayeposwa hatakiwi hata kuchungulia.) Baba akaziba uso kwa kiganja.

Nikaing'oa sindano, nikawahi mlangoni, nikawaeleza kwamba wimbo una maneno mengine mbele.

"Yapi?" mshenga akauliza. "Tuimbie."

Nikaimba. Beti zote. (Sauti yangu mnaijua.)

Mshenga akasikiliza mpaka mwisho, akarudi kukaa.

"Bora ile sahani," akasema.

Posa imepokelewa. Ila wakwe wameweka sharti: siku ya harusi gramafoni isifike, na mimi nikifika, nikae na chakula mdomoni muda wote.