Malalamiko Kuhusu Injini Isiyochemka

Ndugu Msimamizi wa Karakana,

Natumaini u mzima pamoja na spana zako zote. Mimi, dereva wa lori la saruji, si mzima hata kidogo. Fundi wako amebadilisha maji ya rejeta ya lori langu bila kuniuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alisubiri injini ipoe ndipo akafungua mfuniko. Nilimwambia wanaume hufungua ikiwa moto. Akaniuliza kovu la mkononi nililipata wapi. Huo ni utovu wa adabu.

2. Alimwaga maji yangu ya siku zote, mekundu kwa kutu. Akasuuza mpaka yakatoka safi, akatia dawa ya kupoza injini, kisha akaliacha lori likinguruma, mfuniko wazi, hadi mapovu yakaisha. Mimi mwenyewe sijaogeshwa hivyo tangu niache kunyonya.

3. Sasa injini haichemki. Zamani ilichemka kila tulipomaliza kupanda ule mlima, mbele ya nyumba ya dada mmoja mshonaji. Nilibisha hodi, nikaomba maji. Injini ilipokuwa ikipoa, nilikaa barazani, yeye akishona, tukizungumza. Aliwahi kunishonea kifungo cha shati bila kuombwa! Siku hizi napita pale mshale wa joto umelala kama paka, sina hata sababu ya kukanyaga breki.

4. Juzi nilisimama nikajifanya nakagua mpira wa rejeta. Akachungulia dirishani, hakuona mvuke, akaendelea kushona. Nampenda, ndugu yangu, na fundi wako ameniharibia mambo.

Kwa hiyo naomba dawa hiyo imwagwe na nirudishiwe kutu yangu. Ikishindikana, nitoboleeni rejeta. Fundi ahamishiwe kwenye baiskeli.

Nisalimie karani, mlinzi wa getini na mama wa chai. Fundi naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako kwa heshima na kinyongo,
Dereva wa Lori la Saruji

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii nimepita tena mlimani. Nimemkuta mshonaji katikati ya barabara, mikono kiunoni. Akaniuliza, "Kwani wewe huwezi kuja kwangu mpaka gari liumwe?" Kumbe maji yale yote alikuwa akiyafuata bombani, mtaa wa pili, na kuyabeba kichwani. Dawa msiiguse. Ila naomba fundi apewe ruhusa Jumamosi, avae shati safi. Nahitaji mshenga, na nimeona yule mtu ana subira.