Alama ya Kwanza Kikaangoni

Jumatatu, 24 Novemba

Bado. Milima imejifunga kanga fupi, magoti yote nje. Leo nimetoka mara nne kutazama juu, shingo inauma. Fimbo yangu uani inasema sentimita tisa. Tisa! Hiyo si theluji, ni mba.

Nilishuka mjini kufagia ukumbi wa chama chetu cha waendesha mashine za theluji. Uongo. Nilikwenda kuutazama ule ubao. Kila majira ya baridi, wa kwanza kuuzunguka kwa mashine yake msonobari wa Kikaangoni, lile bonde la mviringo huku juu mlimani, theluji ikiwa haijaguswa na mtu, jina lake linachomwa pale kwa chuma cha moto. Lorne wangu, Mungu amrehemu, mara kumi na moja. Dada yake Ardis, mara tisa. Mimi Hulda, miaka arobaini na mbili ya ndoa na ujane hapa hapa, mashine nne nimezichakaza: hakuna. Hata herufi moja.

Nina miaka sabini na nne. Magoti yameshaanza kuniaga. Ni mwaka huu.

Ardis alinikuta nimesimama na ufagio. Akauliza, wifi, unafagia au unasoma. Nikamwambia nalifuta vumbi jina lake, ni la zamani sana.

Jumanne, 25 Novemba

Wingu zito. Goti la kushoto linapiga kelele. Goti langu halijawahi kukosea.

Nasikia Ardis amepaka mafuta mashine yake tangu jana. Ana miaka sitini na nane, anajiona msichana.

Darasa la sita ndipo nilipoishia, lakini theluji naisoma. Kila asubuhi saa kumi na mbili mimi ndiye ninayeitangaza kwenye redio ya chama, kwa sababu naishi huku juu, mwisho wa barabara, na wao wako chini mjini ambako inanyesha mvua tu. Nasema ni unga, au ukoko, au uji, au sukari isiyoshikana. Wanaume wenye shahada zao ukutani wanangoja neno langu ndipo wavae buti.

Nikiwa nakanda unga wa pai, wazo likaja. Nilicheka peke yangu mpaka paka akahama jikoni.

Jumatano, 26 Novemba

SABINI NA MBILI! Nimepima mara tatu. Sentimita sabini na mbili, nyepesi, kavu, ukiipuliza inaruka kama manyoya ya bata. Nimecheza uani na gauni la kulalia na buti za mpira. Asiyependa asitazame.

Saa kumi na mbili nikashika redio. Sauti ya msibani. Nikasema jamani, hali mbaya, mvua imepanda mpaka juu, theluji imeshika ukoko mgumu, mawe yamechomoza, Kikaango hakifai hata kwa mbuzi. Kaeni na wake zenu.

Habari ya maporomoko ya theluji nilisema kweli: miteremko ya kaskazini imebeba mzigo, msiiguse. Hilo sidanganyi hata nikishikiwa shoka. Mwongo ni mwongo, muuaji ni mwingine. Na Kikaango ni bapa katikati, hakina cha kumporomokea mtu.

Wote wameniamini. Mmoja akanishukuru. Ardis akasema asante wifi, basi mimi nafua mapazia.

Fua, mama. Fua sana. Leo upepo, kesho naondoka.

Alhamisi, 27 Novemba

Mtu hapandi peke yake. Hiyo ni sheria, na mimi siivunji. Nikamchukua mzee Emil, jirani yangu, mtu pekee mwingine anayeishi huku juu. Ni kiziwi, redio hana. Nilimpigia kelele mara tatu kwamba tunapanda mlimani, malipo ni pai nzima ya matofaa. Akadhani nimemwita kifungua kinywa. Akaja na uma.

Hata hivyo mashine yake ikawaka, tukapanda.

Kikaango! Cheupe! Kitupu! Hakuna hata unyayo wa sungura. Ule msonobari umesimama katikati kama bibi harusi anayengoja watu. Nililia. Hapana, ulikuwa upepo.

Nikamwashiria Emil akae ukingoni awe shahidi. Akaitikia kwa kichwa, akafungua pai. Nikabonyeza mafuta mpaka mwisho.

Eeeh! Unga mpaka mdomoni! Nilikuwa naelea, nilikuwa na miaka kumi na tisa! Ndipo nikageuka kuitazama alama yangu, jinsi ilivyo nzuri. Kidole kikalegea. Kwenye unga ukilegeza mafuta umekwisha, nusu ya mji huu mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Mashine ikazama mpaka usukani.

Msonobari uko pale. Umbali wa kutoka kitandani kwangu mpaka banda la kuni.

Nilichimba kwa beleshi saa nzima. Nikampungia Emil aje. Akanipungia. Nikampungia kwa mikono miwili. Akanipungia kwa mikono miwili, na uma.

Ikabidi redio. Nikasema nimekwama. Wakauliza wapi. Nikakohoa. Wakauliza tena wapi. Kikaangoni.

Mji mzima ulikuwa unasikiliza, nawajua. Kisha sauti ya Ardis, polepole, kama mtu anayemenya kitunguu:

“Wifi. Umezamaje kwenye ukoko?”

Nikazima redio.

Ijumaa, 28 Novemba

Jana mikono ilikataa kuandika zaidi.

Zilikuja mashine saba. Zote zikasimama ukingoni, hakuna iliyoingia. Ardis akavaa viatu vya kutembelea juu ya theluji, akaja kwa miguu. Kwa miguu! Ili asiharibu. Akachimba pamoja nami bila neno. Hilo ndilo lililoniudhi. Wifi asiyetukana ni hatari.

Mwisho akasema, “Kaka yangu alipanda milima hii miaka thelathini kwa neno lako, Hulda. Hakuwahi hata kutoka kuitazama fimbo.”

Upepo tena. Jana ulivuma sana.

Mashine ikatoka. Tukaikanyagia njia. Akaunyooshea mkono msonobari, akasema haya, zunguka, sisi tutatazama.

Ningeweza. Ni kidole kimoja tu! Lakini nitalalaje na jina la kupewa? “Sili sadaka ya wifi,” nikamwambia. “Zunguka wewe.”

Akasema yeye hali cha wizi. Nikamwambia nenda. Akasema nenda wewe. Nikaunyooshea mkono msonobari, naye akaunyooshea, na wale wa ukingoni nao wakaunyooshea wakinihimiza.

Mashine ikatupita.

Emil. Aliona kila mtu anaonyesha mti, akadhani tunamtuma akaangalie kitu pale. Akauzunguka vizuri, taratibu, akarudi. Akasema hakuona kitu. Akauliza kama kuna pai nyingine.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamelichoma jina lake. Emil Pruss, herufi kubwa kuliko za Lorne. Anadhani ni siku yake ya kuzaliwa. Amebusu watu wote, na mimi mara mbili.

Chama kikakaa kunijadili. Walitaka kuninyang'anya redio. Wakaulizana nani ataamka saa kumi na moja kupima fimbo. Wakatazama viatu vyao. Nimebaki nayo.

Ila Ardis akasimama akawaambia: kwa maporomoko mwaminini, hajawahi kudanganya. Mengine yote atakayosema, geuzeni nje ndani.

Wakapiga makofi. Mimi pia, nisionekane mbaya.

Jumapili, 30 Novemba

Usiku imeanguka arobaini nyingine. Nimetubu, kwa hiyo nimetangaza ukweli wote: ni unga, jamani, mpaka kiunoni, mkavu, mtamu, miteremko ya kaskazini msiiguse, Kikaango salama.

Nikakaa dirishani niwahesabu wanavyopita.

Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Saa saba nikawaita mjini kwa redio. Ardis akasema asante wifi, tumekusikia, mimi nafua mashuka.

Hakuna hata mmoja aliyepanda! Mlima mzima, wangu peke yangu!

Nimeketi na kikombe changu, nikawaza. Halafu nikawaza tena. Paka ameshahama jikoni.

Emil mwakani nitamnyang'anya ufunguo kabla ya kumpa pai. Na mimi nitasema ukweli mtupu, kila asubuhi. Leo nimeshaanza mazoezi.